Kisima cha Zizini

Voi, 6 Februari 1956

Kaka Donald,

Salamu utazipata mwisho wa barua, nafasi ikibaki. Nina hasira na nina hofu, na sijui ni ipi kati ya hizo inayoshika kalamu.

Mtoto ni mgonjwa. Wanza ana miezi minne na midomo yake ni ya bluu. Kucha pia. Akilia sana, uso wote unageuka kama wa mtu aliyelamba wino. Tangu ile homa iliyonikausha maziwa, namlisha maziwa ya kopo, nayo nayakoroga kwa maji ya kisima cha hapa nyumbani. Dresa wa hospitali, yule msaidizi wa daktari, alimsikiliza kifua akasema labda ni moyo, tumrudishe akizidiwa. Mama mkwe wangu, Katuku, anasema ni damu nyepesi ya sisi Wataita. Mume wangu Makau anasema tungoje.

Sasa sikiliza nilichokiona kwa macho yangu. Krismasi tulipokuwa kwa mama huko Bura, Wanza alikunywa maziwa ya kopo yale yale, ila yamekorogwa kwa maji ya chemchemi. Hatukumaliza wiki, midomo ikawa midomo ya mtoto. Tukarudi Voi, na bluu ikarudi. Nilimwambia Makau ni maji. Akajibu kwamba baba yake amekunywa maji hayo tangu alipohamia hapa kutoka Ukambani na bado anapasua kuni. Kweli anapasua. Lakini Mzee Maundu si mtoto mchanga.

Kisima chetu unakijua. Mzee alikichimba ndani ya zizi la ng'ombe kwa sababu ya ndovu. Cha kwanza kilikuwa nje, ndovu wakakibomoa kwa kiu, basi hiki akakizungushia boma la miiba pamoja na mifugo yake, na majirani wakamsifu kwa akili. Ng'ombe wanalala hapo, wanakojoa hapo, na sisi tunateka hapo hapo. Nikisema niende bomba la Reli, Mzee anauliza ni mke gani wa nyumba yake atakayeonekana akiomba maji ya watu. Nikisema nimpeleke mtoto Bura, Makau anasema niende tu, lakini mtoto abaki.

Wewe ni karani kwenye maabara ya Serikali na hapo maji yanapimwa. Basi haya yapimwe. Ushauri wa kuvumilia usiniletee, huo ninao wa kutosha.

Nafasi haikubaki.

Dada yako,
Wakio


Nairobi, 13 Februari 1956

Mpendwa dada Wakio,

Nimeisoma barua yako nimesimama. Mimi sipimi, kazi yangu ni kuandika majina kwenye chupa na kupokea barua, na mkemia wetu yuko safarini mpaka mwisho wa mwezi. Lakini msaidizi wake anasema kisima chenye mifugo karibu kinafaa kupimwa. Watatafuta vijidudu, na chumvi, na yale madini yanayotia meno rangi ya kahawia, na vingine ambavyo sikuvishika majina.

Nakuletea chupa. Imeoshwa hapa, usiioshe tena. Teka maji yale yale anayokunywa mtoto, ijaze mpaka shingoni, uifunge, umpe gadi wa treni anayeitwa Mutiso. Tunakaa nyumba moja Makongeni. Askari wa hapo Voi wakitaka kuifungua, awaambie ni maji tu.

Tukingoja majibu, yachemshe maji ya mtoto. Yachemshe sana, yatokote mpaka uchoke kuyaangalia. Hakuna mdudu atakayestahimili.

Nakuomba na jambo moja. Usiwaambie wakwe zako kwamba unakishuku kisima chao. Unajua hatukuelewana nao vizuri tangu harusi. Waambie Serikali inataka kupima visima vya Voi, na cha Mzee Maundu kimechaguliwa kuwa cha kwanza kwa heshima yake. Hivyo hakuna atakayeona ametukanwa, na wewe utakaa kwa amani.

Kaka yako,
Donald


Voi, 24 Februari 1956

Kaka Donald,

Nimedanganya kama ulivyonifunza. Mzee Maundu alifurahi mpaka akavaa koti. Tangu jana kila apitaye njiani anaambiwa Serikali imeomba maji kwake.

Chupa ameijaza mama mkwe, mimi nilikuwa hospitalini na Wanza. Nilikuwa nimemsomea maagizo yako mara mbili, na amesema ameelewa. Mutiso ameipokea.

Maji ya mtoto nayachemsha mpaka sufuria inabaki nusu. Kuni zinaisha, bluu haiishi. Waharakishe.

Wakio


Nairobi, 12 Machi 1956

Kwa Shemeji Makau,

Salamu kwako, kwa Mzee na kwa mama. Nakuandikia wewe kwa kuwa kisima ni cha nyumba yenu, na si adabu majibu yakupite.

Maji yamepimwa. Mkemia amesema ni safi kupita yote aliyowahi kuletewa kutoka upande huo. Hayana vijidudu vya kutisha, hayana chumvi, ni maji laini, na uchafu wa mifugo hakuna hata dalili. Karatasi yenye mhuri nimeiweka humu, na nimeitafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya Mzee.

Kama kulikuwa na neno lililowaudhi kwa habari ya kisima, nawaomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu. Ugonjwa wa mtoto basi una sababu nyingine, naomba arudishwe hospitali.

Shemeji yako,
Donald


Voi, 19 Machi 1956

Bwana Donald,

Karatasi yako imefika. Nimeisoma Jumapili watu walipotoka kanisani, nikiwa nimesimama juu ya birika la kunyweshea ng'ombe, sauti juu, Kiswahili kwanza na Kikamba baadaye. Mzee alikaa kwenye kiti. Walikuja majirani wote, na watani wake wawili waliokuwa wakikiita kisima chake choo cha ng'ombe waliomba msamaha mbele ya watu.

Ulidhani mimi sikujua? Karani wa stesheni anajua Serikali inavyoandika inapotaka kitu, na haiandiki kupitia kwa shemeji wa mtu. Ninyi mlitaka kutuaibisha. Dada yako amekuwa akitazama ndoo za nyumba hii kwa jicho baya tangu aolewe, na wewe ukampa chupa. Sasa chupa imesema. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Mama yangu amefurahi kuliko sisi sote kusikia maji yake yamesifiwa Nairobi. Jirani yetu Nthambi, aliyejifungua mtoto wa kiume majuzi na maziwa hayamtoshi, ameacha kuhangaika na foleni ya bomba la Reli. Sasa anateka kwetu, na Mzee mwenyewe humwinulia ndoo.

Habari ya kwenda Bura sitaki kuisikia tena. Mtoto wangu atatibiwa hapa.

Makau wa Maundu


Voi, 2 Aprili 1956

Donald,

Leo sikuiti kaka. Utarudishiwa jina lako baadaye.

Mume wangu aliwasomea watu karatasi yako, lakini mimi hakunipa niisome. Nimeipata jana alipokuwa zamu. Umeandika, maji laini, hayana chumvi. Donald, wewe umelala nyumba hii. Ulioga kwa maji haya ukalalamika sabuni haitoi povu. Chai ulisema ina ladha ya sarafu. Uliandikaje kwa mkono wako kwamba hayana chumvi, usijiulize?

Nikaenda kwa mama mkwe nikamwuliza, kwa upole, aliteka saa ngapi. Akacheka. Akasema, "Mwanangu, Serikali ni mgeni. Mgeni anapewa maji ya ng'ombe?" Alikuwa ametia yale ya mtungini, maji ya mvua ya Desemba, anayomwekea mchungaji na wageni wakubwa. Aliyachuja kwa kitambaa cheupe. Kisha akaniuliza kama watataka mengine, kwa kuwa yamebaki kidogo.

Siwezi hata kumchukia. Alifanya alivyofunzwa. Wewe ndiye uliyemfanya aone ni heshima, ulipotaka nikae kwa amani. Ungeniacha niseme wazi kwamba nakishuku kisima, wangenitukana siku tatu, na chupa ingejazwa maji ya kisima.

Makau nimemwambia. Akasema nisithubutu kupeleka chupa nyingine. Wakati huu wa Hali ya Hatari, anasema, Mkamba wa Reli anayepelekea Serikali maji ya uongo atalala kizuizini Manyani. Nilianza kuiba maji ya bomba kwa ajili ya Wanza, Mzee akaniona akayamwaga chini mbele yangu. Alisema kisima kilichosifiwa na Serikali hakiwezi kudharauliwa na mke wa mwanawe.

Chupa hii anayokupa Mutiso ilikuwa ya dawa ya kikohozi, nimeichemsha. Maji nimeteka mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, zizini, ng'ombe wakinitazama. Mkemia ayapime leo. Wanza halii tena kwa nguvu, anapumua tu haraka haraka. Akifa, sitamwandikia mtu barua, nitakuja huko.

Wakio


TELEGRAMU
NAIROBI 9 APRILI 1956
KWA WAKIO MAKAU STESHENI VOI

MAJI MABAYA SANA MTOTO ASIPEWE TENA. USICHEMSHE KUCHEMSHA KUNAZIDISHA. WATOTO WACHANGA WOTE WASINYWE. NENDA BURA LEO. DONALD


Bura, 7 Mei 1956

Baba Wanza,

Mtoto wako ni mzima. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu u baba yake. Hakuna lingine humu la kukufurahisha.

Jana binamu yangu Elsie, anayeuza mboga hapo Voi, amepanda huku akatuambia mtoto wa Nthambi amezikwa. Alikuwa wa bluu, alisema, na watu wanasema ni moyo. Nilikuwa nimempakata Wanza. Ilibidi nimpe mama amshike.

Donald ameniandikia maelezo ya mkemia. Kitu chenyewe kinaitwa naitreti. Ni chumvi inayotoka kwenye samadi, inashuka na udongo mpaka kwenye maji. Haina harufu wala rangi. Mtu mzima anaipitisha bila kujua, mtoto mchanga inamnyima pumzi ndani ya damu. Na ukichemsha, maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo nilipokuwa nikikausha sufuria nikidhani namwokoa nilikuwa nikimkolezea. Kwa hilo Donald ameniomba msamaha kurasa mbili. Nimemsamehe, kwa kuwa hakujua.

Wewe ulijua. Telegramu ilipita mikononi mwako kabla ya kunifikia mimi. Watoto wachanga wote, imeandikwa hivyo, wote. Uliileta nyumbani mwenyewe ukanipa pamoja na tikiti ya treni ya Taveta ipitayo Bura, ukaniambia nikiulizwa niseme nakwenda kumwona mama. Nilikushukuru. Mbele ya mlango nikakuuliza, na Nthambi? Ukasema, "Nitamwambia jioni hii hii. Wewe kimbia, treni itakuacha."

Nikakimbia. Nikakaa huku nikimtazama mtoto wangu akirudiwa na rangi, nikiwaza kwamba na yule wa Nthambi anarudiwa na rangi, kwa sababu nimeolewa na mtu anayetimiza neno. Karibu mwezi mzima, Makau. Wako ulimpandisha treni, wa mwenzako ukamwachia ndoo.

Watu wa kale walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hapa wewe umeficha na aliyekufa ni wa Nthambi. Nakuchukia kwa hilo, na nimekaa usiku kucha nikitafuta neno dogo kuliko hilo, sikulipata.

Wakio


Voi, 15 Mei 1956

Mama Wanza,

Umeandika kama hakimu. Hukuwapo.

Jioni ile nilikwenda. Nilifika mpaka mlangoni kwa Nthambi. Mzee alikuwa ameketi ndani, amepewa uji, Nthambi anamshukuru kwa kisima mbele ya mumewe, naye Mzee anacheka kama sijawahi kumwona akicheka. Nikasema nitarudi kesho. Kesho yake askari walipekua nyumba za wafanyakazi wa Reli, wakawachukua wawili. Ningesema nini siku hiyo? Kwamba ile karatasi niliyoisoma ilikuwa ya maji mengine, na Serikali ilidanganywa na mama yangu? Yule mama aliyekuogeshea mtoto?

Kisima nimekiziba kwa mbao. Nimewaambia watu ukuta umebomoka ndani, na sote sasa tunateka bombani, hata Mzee. Hakuna mtoto mwingine atakayeyanywa. Hilo nimelifanya peke yangu bila kuambiwa na mtu. Wa Nthambi hatarudi kwa mimi kusema.

Umekaa huko vya kutosha, na watu wanauliza. Rudi na mtoto.

Makau


Bura, 21 Mei 1956

Baba Wanza,

Nthambi anadhani ni moyo. Anadhani ni damu yake. Huenda mama mkwe wake amekwisha kumwambia ni ya ukoo wake, kama nilivyoambiwa mimi. Mwaka ujao atazaa mwingine, nawe utakapoondoa zile mbao atamkorogea maziwa kwa maji yale yale.

Uliposoma ile ya kwanza ulisimama juu ya birika, Jumapili, sauti juu, lugha mbili. Soma na ya pili hivyo hivyo. Donald amekuletea karatasi yake, najua unayo. Soma na telegramu, pamoja na tarehe. Mama yako usimtaje kwa ubaya, alimheshimu mgeni. Mtaje Makau.

Askari wakija kwa sababu hiyo, nitakuja niwaambie mimi ndiye niliyeanza uongo. Mpaka uwe umesoma, usinitumie tikiti.

Wakio


Voi, 4 Juni 1956

Mama Wanza,

Nimesoma.

Ilikuwa jana, juu ya birika, Kiswahili kwanza na Kikamba baadaye. Ile ya pili ni fupi kuliko ya kwanza. Wengine hawakujua naitreti ni nini, nikawaeleza kwamba ni samadi yetu, imeshuka kisimani miaka yote, mkubwa anapona na mchanga anakufa. Nikasoma telegramu na tarehe yake. Watu walianza kuhesabu kwa vidole, na walipofika kwenye mazishi wakaacha.

Mzee aliinuka katikati akaingia ndani, kiti kikabaki. Mama alilia, akawa anasema maji yalikuwa ya wageni, maji yalikuwa ya wageni. Hakuna aliyenitukana. Nilimtazama mume wa Nthambi nikitamani anipige, akaenda kusimama kando ya miiba akinipa mgongo.

Nthambi alikuwa amekaa chini mbele kabisa. Nilipomaliza alisema, "Soma tena." Nikasoma. Watu wakaanza kuondoka. Akasema nisome tena, nikasoma mpaka tukabaki yeye na mimi na ng'ombe. Mara ya mwisho alinisimamisha kwenye tarehe. Aliniuliza jioni ya siku hiyo nilikuwa wapi.

Nikamwambia, "Nilikuwa mlangoni pako."

Hakulia. Alijipangusa vumbi, akasema mama yake anatoka Kibwezi kwa treni ya Alhamisi, naye ni mtu wa kutaka kusikia jambo kwa masikio yake mwenyewe, kwa hiyo nisizipoteze zile karatasi.

Tikiti sijakutumia. Alhamisi ni zamu yangu. Mimi ndiye nitakayeipokea treni ile.

Makau